Fundi wa Breki Aliyenyamaza Mara Moja

Kitale ina mafundi wengi wa baiskeli na karibu wote ni watu wa adabu. Watakuita bosi, watakuambia kazi ni ndogo, kisha watakurudishia baiskeli yako ikiwa na tatizo jipya juu ya lile la zamani. Yule ninayemkumbuka mimi hakuwa na adabu hata ya kuazima. Ukifika kwake aliitazama baiskeli kwanza, akakutazama wewe kuanzia viatu hadi kichwa, kisha akarudi kuitazama baiskeli kwa huruma, kama vile ni yatima uliyemwokota njiani.

Tulimwita Fundi, basi. Jina lake lilikuwa kwenye kitambulisho na huko ndiko alikotaka libaki. Banda lake lilikuwa nyuma ya soko, mabati manne na meza moja, jirani na mama wa chai ambaye naye alikuwa na subira ya Ayubu.

Namwandika kwa sababu mimi ndiye niliyemfukuza Kitale. Sikutumia mawe wala barua ya chifu. Nilitumia uongo mmoja, tena wa kivivu, na uongo huo ulikaa nyumbani kwangu miaka minne, tukila nao mezani mimi na mke wangu. Nitaufikia. Kwanza acheni nimseme yeye, maana kumsema mwenzako ni rahisi kuliko kujisema, na mimi nimekuwa mtu wa rahisi maisha yangu yote.

Nianze na mdomo wake. Siku moja kijana alifika na baiskeli ya milimani, kofia ameigeuza nyuma, akasema, "Niaje mzee! Nipigie hiyo breki chap chap, niko na haraka."

"Haraka ya kwenda wapi?" Fundi aliuliza.

"Base, bana, pale kijiweni."

"Kwani base inahama?"

"Zii," kijana alisema akitikisa kichwa.

"Basi itakungoja. Haraka yako si ugonjwa wangu."

Kijana alikaa saa mbili akitazama vidole vyake. Mzee mmoja wa kanisa naye alileta baiskeli inayopiga kelele na kueleza kwamba alikuwa ameiombea wiki nzima. Fundi akamuuliza, "Na Mungu alikuambia uende wapi?" Mzee akasema aliongozwa kuja pale. "Umeona? Hata Yeye anajua hii si kazi ya kuombea. Shuka." Na msidhani alikuwa mpagani. Aliimba besi katika kwaya ya kanisa hilohilo, Jumapili baada ya Jumapili, na akiimba alifumba macho na kuonekana mtu mpole ambaye ungeweza kumwachia watoto.

Mimi nina duka la dawa za mifugo na mbegu, na Fundi alikuwa mteja wangu kabla mimi sijawa wake. Alinunua sindano, zile kubwa za kudunga ng'ombe, bila ncha. Mara ya kwanza nilimuuliza ana ng'ombe wangapi. Akaniambia hana hata kuku, na kwamba muuzaji mwenye akili huuza bila kuhoji. Baadaye nilijua alikuwa anazitumia kusukuma mafuta kwenye breki na kutoa hewa. Tangu siku hiyo aliniita Daktari wa Kupe. Aliniita hivyo mbele ya wateja, mbele ya mke wangu, na siku moja mbele ya mkaguzi aliyekuja kukagua leseni yangu.

Sasa kwa asiyejua. Baiskeli hizi za mtumba zinazotufikia siku hizi nyingi hazina breki za waya. Zina sahani ya chuma kwenye gurudumu, na pedi mbili za kuibana sahani hiyo. Nyuma ya kila pedi kuna pistoni, kidude cha mviringo cha ukubwa wa kifuniko cha soda, kinachosukumwa na mafuta ukibonyeza mkono wa breki. Ukiachia, pistoni inatakiwa irudi ndani. Lakini vumbi letu la Januari likiingia, likifuatwa na matope ya Aprili, pistoni moja inagoma. Mwenzake anafanya kazi ya wawili, pedi inakwaruza sahani mchana kutwa, na wewe unapanda mlima ukidhani umezeeka.

Mafundi wengine walikuwa na dawa moja ya ugonjwa huu, nayo ni bisibisi. Waliichomeka, wakasukuma kwa nguvu, pistoni ikapasuka, wakamwambia mwenye baiskeli kwamba ilikuwa feki tangu mwanzo. Fundi aliokota hizo pistoni zilizopasuka, akazitoboa na kuzitunga kwenye kamba mlangoni. Kila moja alijua ni ya nani. "Hii ya juu ni ya mwalimu mkuu," angekuambia bila kuulizwa. "Alitumia patasi. Mwalimu mzima." Kwenye kamba hiyo kulikuwa na karani wa kaunti, mkulima mkubwa wa Kachibora, na mafundi wenzake wawili.

Yeye alifanya kazi polepole mpaka ukataka kulia. Alitoa gurudumu, akatoa pedi na kuzifunga kwenye karatasi safi ili zisiguswe na mikono yetu yenye mafuta ya chapati. Kisha akabonyeza breki kidogo, kidogo tu, aone ni pistoni ipi inatoka na ipi imelala. Ile nyepesi aliizuia kwa mpini wa mswaki wa plastiki, ili nguvu yote iende kwa ile nzito. Ikitoka kidogo alisimama, maana ukizidisha inaruka nje na mafuta yote yanamwagika. Aliifuta ukingo kwa pamba yenye spiriti, akaipaka tone la mafuta yake, akairudisha ndani kwa mswaki uleule, bila kuipindisha. Halafu tena. Mara nane, mara kumi, mpaka zote mbili zitoke pamoja.

Na wakati wote huo alikuwa anaongea nayo. "Haya mama, toka kidogo. Kidogo tu. Umekaa gizani sana, eh? Usiogope." Kwa sauti ambayo hakuna binadamu hata mmoja wa Trans-Nzoia aliyewahi kuisikia ikielekezwa kwake. Mama wa chai aliniambia kwamba siku akizungumziwa hivyo na mtu yeyote, ataolewa tena.

Aliwahubiria watu subira, lakini chai ikichelewa dakika mbili alipiga meza kwa spana. Aliwatukana watu wa bodaboda kwamba ni wauaji waliopewa leseni, kisha jioni alirudi kwake kwa bodaboda, amemkumbatia dereva kiunoni na macho ameyafumba. Baiskeli yeye mwenyewe hakuwa nayo. Nilipomuuliza kwa nini, alisema amekwisha kuona ndani yake, na ukishaona ndani ya kitu hukipandi kirahisi. Nilimcheka sana kwa hilo. Nilikuwa na kicheko kingi siku hizo.

Haya, dhambi yangu.

Nilimnunulia mke wangu baiskeli ya mtumba. Anafundisha chekechea, na shule iko chini ya mteremko, nusu saa kwa miguu. Breki ya mbele ilikuwa inakwama, Fundi akaifungua pistoni kwa mtindo wake wa kubembeleza, akatukabidhi na kusema turudi baada ya wiki mbili aitazame tena. "Na Daktari wa Kupe asiiguse," aliongeza. Mke wangu alicheka. Mimi sikucheka.

Baada ya siku kumi mke wangu akasema mkono wa breki umelegea kidogo. Mtu mwenye akili angerudi kwa Fundi. Mimi nilikuwa na hasira zangu, na nilikuwa na chupa niliyopewa na jirani mwenye pikapu. Chupa iliandikwa mafuta ya breki. Baiskeli ina breki. Msomi gani atahitaji ushahidi zaidi? Jumamosi, mke wangu akiwa sokoni, nilifungua skrubu ndogo juu ya mkono wa breki, nikaongeza, nikafunga, nikajipongeza.

Ni mimi huyohuyo ninayesimama dukani kila siku nikiwaambia wakulima: baba, dawa ya kupe si dawa ya viwavi, zote ni dawa lakini usichanganye. Mafuta ya breki za gari na yale ya baiskeli ile ni ukoo tofauti. Ya gari yanazifanya raba za ndani zivimbe. Raba ikivimba inaikaba pistoni, na pistoni ikikabwa hairudi tena hata uibembeleze kwa Kibukusu.

Haikutokea siku ile wala wiki ile, na kwa Fundi hatukurudi kama alivyosema. Ilitokea asubuhi moja katikati ya mteremko. Alibonyeza kidogo, breki ya mbele ikashika na kukataa kuachia, baiskeli ikampindua. Mkono wa kulia ulivunjika karibu na kiwiko. Watu walimpeleka hospitali kwa tuktuk, nami nilifika mbio. Alipokuwa anauliza imekuwaje, breki si imetengenezwa juzi, mdomo wangu ulifunguka wenyewe ukasema, "Ni yule Fundi. Kazi yake mbovu." Nilimwona akiamini, na nikaacha aamini. Sitajitetea kwa hilo.

Mke wangu si mtu wa kunyamaza. Siku alipotoka hospitali alitaka twende moja kwa moja kwa Fundi. Ilikuwa siku ya soko. Nikamsukumia ile baiskeli mpaka bandani na nikapiga kelele zote ambazo mtu mwenye hatia hupiga, yaani nyingi sana. Watu wakajaa. Fundi hakujibu. Alifungua ile skrubu ndogo, akachovya kidole, akanusa. Akaangalia pistoni na raba zake. Kisha akaniangalia mimi. Kisha akamwangalia mke wangu, ambaye alikuwa na plasta mpya kuanzia kiganjani hadi begani, uso umevimba.

Nilisubiri. Mtu huyu aliyemtunga mwalimu mkuu kwenye kamba, aliyemshusha mzee wa kanisa, sasa alikuwa na neno moja tu la kusema na angenimaliza mbele ya soko zima.

Akafunga skrubu. "Sawa," alisema, na kwenda kuosha mikono.

Sawa hiyo watu waliichukua kuwa ni kukiri. Mke wangu aliisambaza shuleni, kanisani, chamani, kote alikokwenda na ule mkono. Wateja wakapungua mpaka wakaisha. Wiki chache baadaye nilipita nyuma ya soko, nikaitazama ile kamba mlangoni nikitafuta kitu alichotunga kwa jina langu. Hakikuwapo. Mwezi uliofuata banda lilikuwa limefungwa na mama wa chai akasema ameenda kwao Bungoma. Aliniambia hivyo huku akinitazama sana. Nikanunua andazi ambalo sikulihitaji nikaondoka.

Miaka minne hiyo mkono wa mke wangu ulipona nusu. Haunyooki. Asubuhi akishindwa kufunga kitambaa cha kichwa, alimtaja Fundi, na alivyomtaja si vya kuandika. Mimi nilimsaidia kufunga kitambaa. Nilikuwa mume mwema ajabu miaka hiyo, majirani walinisifu.

Mwaka huu, tulipomaliza palizi, mke wangu aliamua baiskeli isioze stoo. Mdogo wake anayeishi kwa mama yao Bokoli amekuwa mhudumu wa afya wa kijiji, anatembelea nyumba kwa nyumba, na njia za huko zina miteremko. Apewe yeye. "Lakini hizo breki zitengenezwe na mtu anayejua," alisema. Mwalimu mwenzake alimwambia kuna mzee Bungoma mjini, hakuna kama yeye kwa breki za mafuta. Nilijua ni nani kabla hajamaliza sentensi. Ningeweza kusema breki tutengenezee Kitale, tena nilifungua mdomo. Halafu nikamfikiria shemeji yangu kwenye mteremko na yale mafuta yangu yakiwa bado mle ndani. Tukapakia baiskeli kwenye pikapu ya jirani.

Banda lake jipya lilikuwa dogo kuliko la Kitale. Alikuwa amekonda na miwani imefungwa kwa uzi. Wateja wawili walikuwa wanakunywa chai. Mke wangu aliingia kwanza, akasimama.

"Kumbe ni huyu," aliniambia mimi, si yeye. "Baba Neema, umenileta kwa huyu?"

Fundi akainua macho. "Karibu, mama."

"Sikaribii. Mkono wangu uliuharibu na hata pole hukusema. Sasa umekuja huku kuvunja wengine?"

Wale wateja wakaacha chai. Fundi akautazama mkono wake, akanitazama mimi kwa muda mfupi sana, akaichukua baiskeli na kuipindua magurudumu juu. "Sawa, mama," alisema. "Wacha tuone hiyo breki."

Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima, kutoka Kiminini hadi Webuye. Ilikuwa hotuba nzuri, yenye mifano. Yote ikabaki barabarani.

"Si yeye," nilisema.

"Si yeye nini?" mke wangu aliuliza.

"Si yeye aliyeiharibu. Ni mimi. Niliongeza mafuta ya gari."

Alinigeukia taratibu. "Siku gani?"

"Jumamosi moja. Ulikuwa umeenda sokoni."

"Na pale hospitali ulijua?"

"Nilijua."

"Na mimi nikimlaani huyu mzee mezani, wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakula," nilisema, maana ndiyo kweli.

Hakunipiga wala hakulia. Alimgeukia Fundi. "Na wewe? Ulijua?"

"Nilinusa tu, mama. Siku ileile."

"Si ungesema!"

Fundi alivua miwani akaifuta kwa shati. "Ulikuwa na plasta mpya. Nikaona, huyu mama ameumia mkono, nikisema hii maneno hapa sokoni ataumia na nyumba. Mimi nikasema, wacha tu. Kazi nitapata mahali ingine."

Moyo wangu, na hapa nitasema ukweli wote, ulifurahi. Nilidhani tumefika mahali pazuri, kwamba wema wa mzee utatufunika sote watatu, mke wangu atatokwa na machozi kidogo na mimi nitasamehewa kwa jumla. Nilikuwa tayari nimeanza kutabasamu.

"Ni nani aliwaambia muamue?" mke wangu alisema. Sauti yake ilikuwa chini na ilinitisha. "Mkono ni wangu. Nyumba ni yangu. Mkakaa wanaume wawili, huyu kwa woga, wewe kwa huruma, mkaamua mimi nisijue. Na mimi nikazunguka Kitale yote nikimharibia jina mtu hana makosa. Hiyo dhambi mlinibebesha mimi. Nimeenda nayo mezani pa Bwana, sijui ninayo."

Nimemjua Fundi miaka mingi, na katika miaka hiyo sijawahi kumsikia akimwomba mtu yeyote radhi, hata siku alipomwagia diwani spiriti kwenye suruali.

"Nisamehe, mama," alisema. "Hapo nilikosea."

"Na mimi unisamehe," mke wangu akajibu, "kwa yale nilisema huko." Wakapeana mikono, yeye akimpa wa kushoto kwa sababu wa kulia haufiki. Kwangu hakuna aliyegeuka. Kisha akauliza, "Sasa hii ni ya mdogo wangu. Itapona?"

Fundi alieleza kwamba ya mbele haina tiba, itabidi atoe kila kitu kuanzia mkono hadi chini na kuweka nyingine kutoka kwenye baiskeli iliyokufa. Ya nyuma imekwama kwa vumbi tu.

"Hiyo ya nyuma nionyeshe," mke wangu alisema.

"Nitafanya, mama. Wewe pumzika."

"Nimesema nionyeshe."

Nilisogea haraka kusaidia, nikajitolea kushika gurudumu. Mke wangu alitoa mkoba wake begani akanipa bila kunitazama. "Wewe shika hii."

Akakaa pale mezani. Fundi akampa mswaki, akamwonyesha pistoni ipi inatoka na ipi imelala. Alibonyeza kwa mkono wa kushoto, akazuia kwa ule wa kulia usionyooka, meno ameyauma. Ile nyepesi ilitoka, nyingine ikakaa. Akarudisha, akafuta, akaanza upya. Fundi alimwinamia na kumwelekeza kwa ile sauti yake ya chini, polepole mama, usiisukume, mzuie huyo mwenzake, na wateja wawili wakasahau chai yao ikapoa. Sijui alirudia mara ngapi. Hatimaye zote mbili zikatoka pamoja, sawasawa, na yeye hakutabasamu.

"Haya," alimwambia Fundi. "Sasa niambie mafuta yake ni yapi. Niambie mimi, nisikie mwenyewe."

Fundi akaitoa chupa, akamsomea jina polepole mara mbili, na mke wangu akalirudia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na mkoba kifuani, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne sikuwa na kitu cha kuficha, wala mtu wa kunisemesha.